World of Warcraft Classic: mnyonge wa ngazi ya 12, mbabe wa ngazi ya 60

World of Warcraft Classic ilifunguliwa Agosti 2019 ili kuurudisha mchezo wa kompyuta wa mtandaoni wa mwaka 2004 katika hali ya toleo lake la 1.12, na tangu siku hiyo watu wengi wameupima kwa yale yanayotokea ngazi ya 60, ambayo ndiyo ya mwisho, peke yake: nani anaongoza orodha ya madhara katika uvamizi, yaani msafara wa wachezaji 40 wanaoingia pango kuua maadui wakuu, nani anatafutwa na kila kikosi, na nani anaachwa mlangoni. Tathmini hii inatumia kipimo kingine. Mchezaji anayefika ngazi ya 60 amekwisha kutumia sehemu kubwa ya muda wake akiwa chini ya hapo, na wapo wasiofika kabisa, kwa hiyo uwiano kati ya aina tisa za wahusika unapaswa kuangaliwa tangu ngazi ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiangaliwa hivyo, mchezo huu umejaa kasoro. Baadhi ya kasoro hizo ndizo zinazoupa ladha, lakini mbili tatu hazina utetezi wowote.

Wahusika wenyewe ni mpiganaji, kasisi, mwindaji, druidi anayejigeuza mnyama, mnyemelezi anayeua kwa visu akitokea gizani, mchawi wa moto na barafu, mlozi anayetumikisha mashetani, paladini ambaye yupo upande wa Alliance tu, na shamani ambaye yupo upande wa Horde tu, kambi hizo mbili zikiwa mahasimu. Kinachowatenganisha zaidi ni mahali nguvu zao zinakotoka, wala si wingi wa mbinu zao. Wapo wanaopewa nguvu na ngazi yenyewe: wakipanda ngazi chache humwendea mwalimu wao, wakamlipa, naye akawafundisha uchawi ule ule katika daraja la juu zaidi, wenye madhara makubwa zaidi hata kama aliyeununua amevaa matambara. Wapo wanaopewa nguvu na vifaa, ambao bila silaha nzuri hawana maana. Na yupo mwindaji, ambaye nusu ya nguvu zake ameiazima kwa mnyama wake.

Mpiganaji ndiye anayeonyesha jambo hili waziwazi kuliko wote. Mbinu zake hulipiwa kwa hasira, na hasira hupanda anapopiga au anapopigwa, ikashuka hadi sifuri akikaa muda mfupi bila kupigana. Mweke huyo Westfall, eneo la ngazi za chini, akiwa na ngazi ya 12, mbele ya jambazi wa genge la Defias wa ngazi ya 14 anayerusha moto kwa mbali. Mpiganaji anamrukia, anampiga, pigo la pili linamkosa kwa kuwa adui amemzidi ngazi mbili, na kwa sababu limemkosa hakuna hasira mpya, na bila hasira hakuna mbinu. Jambazi akibakiwa na uhai kidogo huanza kukimbia, na akikimbia huwapitia wenzake na kurudi nao. Dawa ipo: pigo la kukata mshipa wa mguu, linalofundishwa ngazi ya 8, humpunguza kasi. Lakini pigo hilo linadai hasira 10, na mara nyingi ndizo hizo hizo zilizokosekana. Kila pambano humwisha akiwa na nusu ya uhai, hana uchawi wa kujiponya, na inambidi akae chini ale kabla ya kusogea hatua nyingine. Maadui wawili kwa pamoja ni hatari. Watatu ni safari ya kutoka makaburini kwenda kuutafuta mwili wake.

Ngazi ya 30 kuna kazi maalumu inayompa shoka zito la mikono miwili, na kwa ngazi kadhaa anapumua. Ngazi ya 40 hupata pigo kuu la vipaji vyake, yaani nyongeza anazojichagulia mwenyewe. Hata hivyo mabadiliko ya kweli huja ngazi ya 60, na sababu yake ni ya kihesabu. Madhara ya mpiganaji hujengwa juu ya silaha, kisha nguvu ya shambulio huongezwa, kisha uwezekano wa pigo la maradufu, kisha uwezekano wa kutokosa, na kila kimoja hukuza vingine. Juu ya hayo, kadiri anavyopiga kwa madhara makubwa ndivyo anavyopata hasira nyingi, na kadiri hasira inavyokuwa nyingi ndivyo anavyoweza kupiga mara nyingi zaidi. Mzunguko ule ule uliomwangusha Westfall sasa unamnyanyua. Akiongezewa baraka za mijini, kama ile inayotolewa kichwa cha joka Onyxia kinapotundikwa, ambayo humpa nguvu ya shambulio 140 na nyongeza ya asilimia 5 ya mapigo ya maradufu kwa saa mbili, huwa hashikiki. Ndiyo maana vikosi vinavyoshindana kwa kasi hujaza wapiganaji hadi inachosha kutazama.

Mchawi amepinda upande wa pili. Tangu ngazi ya 4 ana kombora la barafu linalompunguza adui kasi, na mwalimu wake wa ngazi hiyo hiyo humfundisha kujitengenezea maji ya kunywa. Muda mfupi baadaye hujitengenezea na chakula. Ngazi ya 10 anaweza kuwagandisha maadui waliomzunguka, akarudi nyuma na kuwapiga akiwa mbali. Ngazi ya 20 anapata tufani la barafu, na kuanzia hapo mchawi stadi hukusanya kundi zima la maadui na kuliangusha kwa pamoja, jambo ambalo mpiganaji wa ngazi hiyo halioti hata ndotoni. Ngazi ya 40 anawafungulia wenzake milango ya kwenda miji mikuu, na wenzake huwa tayari kulipa. Hakuna sehemu ya safari ambayo mchawi anateseka.

Kileleni, hata hivyo, anakutana na ukuta. Mabosi wa uvamizi, yaani wale maadui wakuu, huhesabiwa kuwa wa ngazi ya 63, na hesabu ya uchawi ni katili kwa adui aliyekuzidi ngazi tatu: uchawi unaomkosa adui wa ngazi yako mara 4 kati ya 100 humkosa bosi mara 17. Zaidi ya hapo, viumbe wengi wa Molten Core na Blackwing Lair, mapango mawili ya uvamizi, hawaumizwi na moto ipasavyo, kwa hiyo kwa muda mrefu mchawi hufungwa kwenye barafu, huku uwezo wake mkubwa zaidi ukiwa katika moto. Bado anahitajika, kwa maji yake na kwa kuondoa laana, ila anayetarajia kuwa yule mwangamizi wa ngazi ya 25 atabaki vile vile hadi mwisho ajiandae.

Inafurahisha kuona kwamba hali hii ni kinyume cha asili yake. Katika Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, mchezo wa kuigiza wa mezani, mtumia uchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na uchawi mmoja tu wa siku, kisha akabaki mzigo kwa wenzake mpaka alipopanda na kuwapita wote; waandishi wa kanuni walijaribu kumfidia mpiganaji kwa kumdai mtumia uchawi uzoefu mwingi zaidi ili apande ngazi ya pili, 2,500 dhidi ya 2,000. EverQuest, mchezo wa mtandaoni wa mwaka 1999, ilichukua njia hiyo hiyo kwa kuwatoza uzoefu wa ziada wahusika mseto, yaani wanaochanganya kazi za wengine, adhabu ambayo baadaye ilifutwa. Waundaji wa World of Warcraft walikataa kodi ya namna hiyo, na nadhani walifanya vyema, kwa kuwa kumchelewesha mtu njiani ili kumfidia mwenzake aliyeko kileleni ni kuwaudhi wote wawili.

Mwindaji naye ana ngazi tisa za unyonge, kwa sababu mnyama wa kufuga hapatikani kabla ya ngazi ya 10. Akishampata, hakuna anayesafiri kwa raha kama yeye: mnyama anapigwa, yeye anapiga mishale kwa mbali, na uhai wake haupungui. Tatizo ni kwamba katika toleo hili mnyama hafaidiki na vifaa vya bwana wake. Mwindaji anaweza kuvaa vitu vya thamani kuliko vyote katika seva, na mnyama akabaki yule yule. Kwa hiyo wenzake wanapopanda kwa vifaa, yeye hupanda kwa nusu tu. Kinachomlinda katika uvamizi wa mwanzo ni mshale wa kutuliza, ambao bila huo bosi Magmadar wa Molten Core hushikwa na wazimu na kuua wanaomkabili. Kumpa mhusika nafasi kwa sababu ya kitufe kimoja ni ujanja wa zamani katika michezo hii. Unafanya kazi, ila mtu hapaswi kuuita uwiano.

Mlozi ana kisa kinachokera zaidi. Njiani yeye ni mfalme: anabandika laana na maradhi kwa maadui watatu, shetani wake anapokea kipigo, na kila kinachokufa kinamrudishia nguvu. Ngazi ya 40 anapewa farasi bila kulipa bei ambayo wengine huihangaikia, sawa na paladini. Kisha, katika seva za mwaka 2019, anafika kwenye uvamizi na kukuta kwamba bosi mmoja anaweza kubeba athari hasi 16 tu kwa wakati mmoja kutoka kwa watu 40. Nafasi hizo hugawiwa kwa kuangalia faida ya kikosi kizima, na maradhi ya mlozi mara nyingi hayamo. Ustadi alioujenga kwa ngazi 59 unazuiwa kwa tangazo la kiongozi wa kikosi, naye anabaki akirusha aina moja ya kombora. Hapa hakuna falsafa ya kutetea. Ni kikomo cha kiufundi kilichogeuka kuwa sheria ya maisha, na Season of Mastery, tawi la Classic la mwaka 2021, ilipokiondoa hakuna aliyekililia.

Kasisi nimpitie upesi: hadi ngazi ya 40 silaha yake kuu ni fimbo ndogo ya uchawi, ambayo haitumii mana, yaani akiba ya nguvu za uchawi. Kasisi humbandika adui uchawi mmoja wa uchungu, hujikinga, kisha husimama akifyatua fimbo mpaka adui aanguke. Inachosha lakini inafika. Mnyemelezi yuko imara mwanzo hadi mwisho, na pengine ndiye aliyesawazishwa vizuri kuliko wote, ila anategemea silaha karibu kama mpiganaji.

Kasoro ya pili isiyo na utetezi iko kwa wahusika mseto, yaani druidi, paladini na shamani. Druidi hupata umbo la dubu ngazi ya 10 na la paka ngazi ya 20, na kuanzia hapo husafiri kwa makucha, akijiponya kati ya mapambano. Ni safari nzuri mno, yenye mbinu nyingi na kufa kuchache. Paladini huua polepole lakini haangushwi kirahisi. Shamani anapiga kwa nguvu na anasimika nguzo za kuwasaidia wenzake. Wote watatu wakifika ngazi ya 60 huambiwa jambo moja: vua ulichovaa, badilisha vipaji, uwe mponyaji. Kubadilisha vipaji hugharimu dhahabu moja mara ya kwanza, kisha gharama hupanda hadi kufikia dhahabu 50, kwa hiyo anayetaka kuponya usiku na kuwinda mchana hulipia tamaa hiyo kila mara. Paladini anayetaka kusimama mbele na kupokea kipigo cha adui badala ya mpiganaji hana hata uchawi wa kumlazimisha adui amgeukie. Druidi hana ufufuo wa kawaida, ila ule mmoja wa katikati ya vita unaosubiriwa dakika 30.

Najua hoja inayotolewa: anayejua kazi nyingi asizidi katika yoyote mtu mwenye kazi moja. Hoja hiyo ina maana, na hata mimi ninaikubali kwa kiasi. Kinachonishinda kuikubali ni kwamba mchezo unamfundisha mtu kazi moja kwa ngazi 59 na kumtahini kwa kazi nyingine. Mpiganaji wa Westfall aliyevumilia alikuwa akijifunza, hata katika mateso, kazi ile ile atakayoifanya kileleni. Druidi wa makucha hakupewa nafasi hiyo. Uwiano wa namba unaweza kurekebishwa kwa kuongeza asilimia kumi hapa na kupunguza tano pale. Hili la kumgeuza mtu kazi halirekebishwi kwa namba.

Ndiyo sababu Season of Discovery, tawi la Classic lililoanza tarehe 30 Novemba 2023, linastahili sifa kwa wazo lake. Waundaji waliikata barabara vipande: kikomo kikawa ngazi ya 25 kwanza, kisha 40 kuanzia tarehe 8 Februari 2024, kisha 50 kuanzia tarehe 4 Aprili, na 60 kuanzia tarehe 11 Julai. Kila kipande kilipewa kilele chake, kwa kuwa mapango ya zamani yaligeuzwa kuwa uvamizi: Blackfathom Deeps kwa watu 10 wa ngazi ya 25, Gnomeregan kwa watu 10 wa ngazi ya 40, na Sunken Temple kwa watu 20 wa ngazi ya 50. Kwa mara ya kwanza mhusika wa ngazi ya 25 alikuwa na mahali pa kupimwa kama alivyo, na waundaji walilazimika kuangalia namba ambazo hapo awali hakuna aliyezijali.

Pamoja na hilo zilikuja runi, ambazo huchongwa kwenye vazi la kifuani, glavu na suruali, na baadaye sehemu nyingine za mwili. Runi ziliwapa wahusika kazi mpya kabisa. Mchawi akaweza kuponya. Mlozi akajigeuza shetani na kupokea kipigo mbele ya kikosi. Shamani na mnyemelezi nao wakapewa njia ya kusimama mbele. Na wahusika mseto wakapata walichonyimwa kwa miaka, yaani kufanya kileleni kazi walizozipenda njiani.

Je, namba zilikaa sawa? Hazikukaa. Wanyama wa wawindaji walipunguzwa nguvu katika wiki za mwanzo kwa sababu walikuwa wakifanya kazi ya bwana na ya mnyama kwa pamoja. Druidi wa mwezi, yaani anayepiga kwa uchawi badala ya makucha, aliye na runi ya Starsurge, uchawi unaotoka papo hapo bila kusubiri, alikuwa tishio katika mapigano ya wachezaji kwa wachezaji ya Ashenvale, kwa kuwa ngazi ya 25 uhai wa watu ni mdogo na mapigo machache yanatosha kummaliza mtu. Hili ni somo muhimu kuhusu ngazi za chini: si kwamba mhusika fulani ana nguvu kupita kiasi, bali uhai wa wote haujakua kulingana na madhara, kwa hiyo anayepiga wa kwanza ndiye anayeshinda. Kadiri awamu zilivyofuatana, runi mpya ziliwekwa juu ya za zamani, na kufikia ngazi ya 60 wachezaji walikuwa na nguvu ambazo maadui wa mwaka 2004 hawakuandaliwa kuzikabili, hata Molten Core ikapewa viwango vitatu vya joto ili iwe na ugumu wa maana. Vipande viwili vya mwanzo vilikuwa bora kuliko viwili vya mwisho, na sioni jinsi ambavyo ingekuwa tofauti kwa mfumo wa kurundika.

Anayetaka kulinganisha atazame michezo mingine mitatu. World of Warcraft ya kisasa huwapandisha maadui wamfuate mchezaji, na Oktoba 2020 ilibana ngazi hivi kwamba mhusika wa ngazi ya 120 akawa wa 50. Matokeo ya ajabu ni kwamba katika mapango ya pamoja, mgeni wa ngazi za chini mara nyingine hupiga kuliko mkongwe anayetembea naye. Final Fantasy XIV humshusha mkongwe hadi ngazi ya pango na kumnyang'anya mbinu alizojifunza baadaye, kwa hiyo ndani ya Sastasha, pango la ngazi ya 15, mtu mwenye vitufe thelathini hubaki na vichache na kusinzia. Guild Wars 2 hupunguza namba za mchezaji anapoingia eneo la chini lakini humwachia mbinu zake, na kwa upande wa haki tupu hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote. Ila mle ndani sijawahi kuhisi kwamba kupanda ngazi kumenibadilisha, na hisia hiyo ndiyo bidhaa ambayo Classic inauza.

Kwa hiyo Classic ya kawaida naipa 6 kati ya 10 kwa uwiano wa wahusika, ambapo kati ya alama nne zilizopotea, mbili ni za wahusika mseto na moja ni ya zile nafasi 16. Season of Discovery naipa 8 kwa ngazi ya 25 na 40, na 6 kwa 60. Anayeanza peke yake, bila rafiki wala dhahabu, achukue mwindaji au mlozi na asijali watakachosema wakongwe. Anayependa druidi achukue druidi, ila aanze kukusanya vifaa vya uponyaji mapema, kabla ya kufika 60, kwa sababu havitamsubiri. Na anayemtamani mpiganaji atafute kasisi au paladini wa kusafiri naye kuanzia ngazi ya 10, kisha kila dhahabu anayoipata aitumie kwenye silaha kabla hajafikiria deraya.